Sheikh Muhammad bin Ali As-Sanusi na Vijiji Vyake vya Elimu na Kazi

Katika wanavyuoni waliojitahidi kuutengeneza umma wa Kiislamu katika karne ya 13 ya Hijra, ni wachache ambao kazi yao iliweza kuonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono kama kazi ya Sheikh Muhammad bin Ali As-Sanusi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengine waliandika vitabu, na wengine walishika silaha. Yeye aliandika vitabu pia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kujenga vijiji. Aliwakusanya watu katika nchi ya Barqa, ambayo leo ni sehemu ya mashariki ya Libya, wakasoma mahali pamoja, wakalima pamoja, wakampokea mgeni pamoja, na walipogombana wakaamuliwa na mtu mmoja wanayemwamini. Mahali pa namna hiyo paliitwa zawiya.

Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu khabari za bwana huyu kwa sababu moja. Kila zama huwako watu wema wanaochoshwa na ghasia za miji na uchoyo wa masoko, wakaazimia kuanzisha maskani yao wenyewe, waishi kwa kusaidiana na kwa kanuni wanayoiridhia. Nia huwa nzuri, na mkutano wa kwanza hujaa watu. Kisha mwaka wa pili haujatimu, huyu amerudi kwao, na yule hasemezani na mwenziwe, na shamba limeota magugu. Zawiya za Sanusi zilisimama katika jangwa kali kwa muda wa karibu miaka 90, na haikuwezekana kuzibomoa illa kwa majeshi ya dola kubwa ya Ulaya. Hapana budi lipo jambo lililozishikilia, nalo ndilo tutakalolitafuta katika maisha ya mtu huyu.

Alizaliwa mwaka 1787, sawa na mwaka 1202 wa Hijra, karibu na mji wa Mustaghanim katika nchi ya Algeria, katika ukoo wa masharifu wanaonasibishwa na Sayyidna Hasan bin Ali. Baba yake alifariki naye angali mtoto mdogo mno, akalelewa na shangazi yake, Bibi Fatima, mwanamke aliyekuwa na elimu, naye ndiye aliyemtia katika njia ya kusoma. Twalitaja jambo hili makusudi, ili wajue wale wanaoona kuwa kumsomesha mtoto wa kike ni kupoteza wakati, kwamba mlango wa kwanza aliouingia mwanachuoni huyu ulifunguliwa na mwanamke.

Alipokuwa kijana alikwenda mji wa Fas, katika nchi ya Morocco, akasoma katika msikiti mkubwa wa Qarawiyyin, akakaa huko miaka mingi hata yeye mwenyewe akawa akisomesha. Huko Fas alizijua tarika nyingi za masufi, akasoma nyiradi zao na kuona mema yao na yasiyokuwa mema. Kisha akaondoka kuelekea mashariki, akapitia Misri, na hatimaye akafika Makka.

Njiani humo alikumbana na mtihani ambao wenye kutaka kutengeneza mambo hukumbana nao kila mahali. Yeye alikuwa akifundisha kwamba mwenye elimu ya kutosha asitosheke na kufuata kauli za waliomtangulia, bali arejee kwenye Qur'ani na Hadithi, azitazame dalili kwa macho yake. Jambo hili alilieleza katika kitabu chake kiitwacho Iqadh al-Wasnan, yaani kumwamsha asinziaye. Na ingawa alilelewa katika madhehebu ya Imam Malik, alikuwa akifunga mikono katika Sala, kwa kuwa aliona Hadithi zake zina nguvu. Wanavyuoni wa Azhar hawakupendezwa, na Sheikh Muhammad Ilish, aliyekuwa mkubwa wa Wamaliki wa Misri, aliandika fatwa ya kumkanusha. Lau bwana huyu angalikuwa mtu wa kubishana, angaliumaliza umri wake katika kujibu fatwa. Lakini yeye aliona kwamba mjadala wa misikiti ya mijini hauwafikii watu wa nyikani wasiojua hata kutawadha.

Makka alikutana na mwalimu aliyemwathiri kuliko wote, naye ni Sayyid Ahmad bin Idris, mtu wa Morocco aliyehamia Hijazi, akafundisha huko watu wa nchi mbalimbali. Sanusi akashikamana naye hata akawa katika wanafunzi wake wakubwa. Sayyid Ahmad alifariki mwaka 1837 katika mji wa Sabya, na wanafunzi wake wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Sanusi alikuwa na zawiya yake ya kwanza juu ya mlima wa Abu Qubays, unaouelekea msikiti wa Makka. Mabedui wa Hijazi wakaanza kumjia, na yadhihirika kwamba hapo ndipo alipoona kuwa watu hawa, ambao wanavyuoni wa mijini huwaona kama wanyama wa mwitu, wana mioyo ya kupokea kheri kama atapatikana wa kukaa nao.

Mwaka 1840 akaondoka Hijazi kurudi magharibi. Kwao Algeria kulikuwa kumeshavamiwa na Wafaransa tangu mwaka 1830, na vita vilikuwa vikiendelea. Alifika hata Qabis, katika nchi ya Tunisia, akaona njia ya kwao si njia tena, akageuka na kurudi Tripoli, na kutoka huko akaingia Barqa. Hivyo nchi aliyoitengeneza haikuwa nchi yake ya kuzaliwa. Aliingia humo akiwa mgeni, hana shamba, hana ukoo, wala hana askari.

Na tuieleze nchi yenyewe kidogo. Barqa ina mlima wenye miti na mvua uitwao Al-Jabal al-Akhdar, yaani mlima wa kijani, na nyuma ya mlima huo ni jangwa lisilokuwa na mwisho. Waturuki walikuwa na maliwali wao katika miji ya pwani kama Benghazi na Derna, lakini bara yake ilikuwa mikononi mwa makabila ya Mabedui, watu wa ngamia na kondoo. Kila kabila lilikuwa na malisho yake na visima vyake, na damu nyingi ilimwagika kwa ajili ya visima hivyo. Kadhi hakuna, chuo hakuna, soko la amani hakuna. Walikuwa Waislamu kwa jina na kwa mapenzi, lakini aliyejua kusoma alikuwa adimu.

Mwaka 1843 Sheikh akajenga zawiya yake ya kwanza ya nchi hiyo juu ya ule mlima wa kijani, karibu na kaburi la Sahaba Ruwaifi bin Thabit Al-Ansari. Ikaitwa Az-Zawiya al-Baidha, yaani zawiya nyeupe, na mji wa Al-Baidha ambao hata leo ni katika miji mikubwa ya Libya asili yake ni hapo.

Msomaji wetu asikiapo neno zawiya huenda akadhani ni nyumba ya kupigia matwari na kutikisika hata usiku wa manane. Sivyo. Sanusi alikataza ngoma, nyimbo na kucheza katika dhikri, akakataza tumbaku, na watu wake hawakunywa kahawa. Zawiya yake ilikuwa kijiji kamili. Palikuwa na msikiti na chuo cha watoto, nyumba ya sheikh na nyumba za waalimu na wanafunzi, ukumbi wa wageni, maghala ya nafaka, kisima au birika, na makaburi. Nje yake palikuwa na mashamba na mifugo. Mpita njia alilazwa na kulishwa siku tatu bila ya kuulizwa anakotoka, na misafara ya biashara iliyokuwa ikivuka jangwa ilipata humo maji na salama.

Sasa tutazame jinsi zawiya ilivyoanzishwa, kwani hapa ndipo penye fundisho. Sheikh hakuwa akiingia katika ardhi ya watu na kupima kiwanja. Alingoja watu wa kabila wamwombe wenyewe. Wakishaomba, wao ndio waliotoa ardhi, ikawekwa wakfu, na wao ndio waliojenga kuta kwa mikono yao. Ardhi ile ikawa haram, yaani mahali pa amani ambapo hapamwagwi damu. Kisha Sheikh akawapelekea mtu wa kuisimamia, na aghlabu alichagua mtu asiyekuwa wa kabila lile. Sababu yake iko wazi. Mtu wa ukoo wenu akiamua baina yenu, aliyeshindwa husema ameonewa kwa ajili ya ukoo. Ama mgeni hana ng'ombe katika zizi lenu wala binamu katika ugomvi wenu. Huyo mgeni akawa mwalimu wa watoto wao, imamu wao, mwenye kufungisha ndoa zao na mwenye kuwapatanisha. Zawiya ikawa mali ya kabila, lakini ufunguo wake hauko katika mfuko wa mtu yeyote wa kabila.

Jambo la pili ni kazi. Sanusi alichukia kuona watu wa dini wakiishi kwa kuombaomba. Watu wa kabila walikuwa wakitoa siku zao za kulima na kuvuna katika shamba la zawiya, na mavuno hayo ndiyo yaliyowalisha wanafunzi, wageni na mafakiri, na kilichozidi kikapelekwa kwenye zawiya kuu. Wanafunzi nao hawakuachwa wakae na vitabu tu. Alhamisi, siku ambayo watoto wa vyuo vyetu vya pwani huingojea kwa hamu kwa kuwa ni ya kufunguliwa, kwake yeye masomo yalisimama na kila mtu akashika kazi ya mkono: huyu anajenga, huyu seremala, huyu mhunzi, huyu anafuma, huyu anajalidi vitabu. Yeye mwenyewe alikuwa akishika kazi pamoja nao. Na yapokewa kwamba akiwafariji mafundi, akiwaambia kuwa fundi mwenye nia njema anayetimiza faradhi zake si duni mbele ya Mungu kuliko mwenye makaratasi na tasbihi.

Twawaomba wasomaji wetu walizingatie jambo hili. Mwanafunzi aliyejenga ukuta wa chuo kwa mikono yake hawezi kuudharau, na fundi aliyekaa darasani hawezi kudanganywa kwa kilemba. Hapo ndipo lilipotoweka lile tabaka tulijualo sote, la watu wanaosoma na kulishwa, na watu wanaolisha na kubaki wajinga.

Sifa yake ikaenea. Watu wa kabila la Zuwaya, walioishika Kufra katikati ya jangwa na kuogopwa na misafara kwa unyang'anyi wao, walipeleka wajumbe kumwomba awajengee zawiya, wakampa sehemu ya mitende na ardhi yao, na zawiya ikasimama Al-Jauf. Hakuna askari aliyekwenda kuwalazimisha. Yasimuliwa pia kwamba kundi la watumwa lililokuwa likitoka Wadai, nchi iliyo sasa katika Chad, lilinyang'anywa njiani na Mabedui. Sheikh akawanunua watu wale wote, akawaacha huru, akawasomesha dini, kisha akawarudisha kwao wakawe walimu wa jamaa zao. Tangu hapo Wadai ikawa na mapenzi makubwa kwa Masanusi.

Mwaka 1846 alirudi Hijazi, akakaa huko miaka kadha wa kadha. Huu ulikuwa mtihani wa kazi yake, kwani maskani nyingi hufa siku mwanzilishi atiapo mguu nje. Zake hazikufa, kwa kuwa kila zawiya ilikuwa na mtu wake, shamba lake na kanuni yake, wala haikumtegemea yeye kwa chakula. Aliporejea alizikuta zikiendelea na kuongezeka.

Mwaka 1856 akaihamisha zawiya kuu kutoka mlima wa kijani, akaipeleka Jaghbub. Watu wengi walistaajabu, kwani Jaghbub ilikuwa bonde tupu karibu na mpaka wa Misri, maji yake yana chumvi, na hapana mtu angelipenda kukaa hapo. Lakini palikuwa mbali na maliwali wa Kituruki, ingawa Sultani mwenyewe alikuwa amekwisha kuzisamehe zawiya kodi. Na palikuwa karibu na njia za mahujaji na za misafara ya kusini, wala hapakuwa pa kabila lolote hata makabila mengine yaone wivu. Pakachimbwa visima, pakapandwa mitende, pakajengwa msikiti na chuo. Baadaye Jaghbub ikawa na wanafunzi wanaokadiriwa kuwa 300, na maktaba ya vitabu vipatavyo 8,000, jambo la ajabu katika jangwa lile.

Sheikh alifariki huko Jaghbub mwaka 1859, sawa na mwaka 1276 wa Hijra, akazikwa hapo. Mwanawe, Sayyid Muhammad al-Mahdi, aliyezaliwa mwaka 1844, akashika mahali pake, na kwa wakati wake zawiya zikazidi 140, kutoka Hijazi na Misri hata nchi za Chad, na zaidi ya 40 katika hizo zilikuwa Barqa. Mwaka 1895 Sayyid al-Mahdi aliihamishia zawiya kuu Kufra, naye akafariki mwaka 1902.

Waitalia walipoivamia Libya mwaka 1911, ni zawiya hizi zilizowapa Mabedui umoja wa kupigana. Umar al-Mukhtar, ambaye kila Mwislamu amjua, alisoma Jaghbub na alikuwa sheikh wa zawiya ya Al-Qusur. Mpaka alipokuwa mzee wa miaka sabini aliongoza vita mlimani, akanyongwa mwaka 1931 huko Suluq mbele ya watu wake. Mwaka mmoja kabla yake, Waitalia walikuwa wamekwisha kuzifunga zawiya na kutwaa ardhi zao za wakfu, kwani walifahamu kwamba si bunduki inayowapiganisha watu hawa, ni kile kijiji chenye msikiti na ghala la shayiri. Mjukuu wa Sheikh, Sayyid Idris, akawa mfalme Libya ilipopata uhuru mwaka 1951, na mwaka 1969 akapinduliwa.

Hatutakuwa waadilifu tukitaja sifa na kuficha ila. Sheikh aliwafundisha watu warejee kwenye dalili, wasimtukuze kiumbe. Lakini baada yake kaburi lake likajengewa kuba, na watu wakalisafiria kwa kutaka baraka. Alichagua wasimamizi kwa elimu na uadilifu. Lakini baada yake cheo kikuu kikaenda kwa nasaba, hata kikaishia katika kiti cha ufalme, na zawiya nyingine zikageuka urithi wa masheikh wake. Aliwakomboa watumwa wa Wadai. Lakini utumwa haukuondoka katika zawiya zenyewe, na misafara iliyopita Kufra na kupata salama ya Masanusi iliendelea kwa muda mrefu kuchukua watumwa kuwapeleka kaskazini. Amani ya njia ikamfaa mfanya biashara kabla ya kumfaa aliyefungwa kamba. Haya twayasema si kwa kumvunjia heshima marehemu, bali kwa kuwa mwenye kujenga hupaswa kuangalia nyufa za nyumba ya mwenziwe kama anavyoangalia nguzo zake.

Basi ni nini kilichozisimamisha zawiya hizi? Kwa maoni yetu, ni kwamba Sanusi hakuwakusanya watu ili wawakimbie watu. Zawiya haikujengewa waliokaa ndani peke yao. Ilijengwa mahali ambapo wenye kiu watapata maji, wenye ugomvi watapata mwamuzi, na watoto wa wachungaji watapata herufi. Kwa hiyo majirani waliona kuwa ikianguka, watakaoumia ni wao, wakailinda kama wanavyolinda visima vyao. Maskani ambayo jirani zake hawana haja nayo hutegemea mapenzi ya wakazi wake tu, na mapenzi ya wanadamu hupanda na kushuka.

Nasi katika miji yetu tuna misikiti mingi ya wakfu, na vyuo vingi, na madarasa ya kila aina. Kila mwenye moja katika hizo na ajiulize: je, mahali hapa pangelifungwa kesho, ni nani mtaani, asiyekuwa sisi wenyewe, atakayelia? Jawabu ya swali hilo ndiyo kipimo chetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha katika kila la kheri.